Mfuko Uliovimba

Mimi na Mama Chrispin hatukuwa na ugomvi wowote mpaka siku alipomwingiza kuku wangu kwenye lile sanduku lake.

Kuku mwenyewe nilisafiri naye kutoka Itigi mpaka Dodoma. Jogoo wa kienyeji, nimemkaanga kwa samli alfajiri, nimemfunga kwenye hotipoti, nimempakata kwenye basi. Ilikuwa siku wakwe tunatembeleana kwa mara ya kwanza, baada ya binti yangu Eliana kuolewa na Chrispin. Sebule imejaa watu. Mama Chrispin akachukua sahani ya kuku wangu, akafungua mlango wa maikrowevu, akabonyeza, likaanza kunguruma. Nikamuuliza, hapa hakuna jiko? Akacheka. "Mkwe, huku mjini tunapasha kwa dakika mbili." Sebule nzima ikacheka naye. Mimi sikucheka, na huyo kuku sikumla.

Nina hasira za karibu, sifichi. Mume wangu Marko husema ningekuwa nyuki, asali ya Itigi isingevunwa. Nilirudi nyumbani kesho yake, na hapo ndipo vita ikahamia kwenye simu, kwenye lile kundi la familia mbili ambalo Chrispin alilifungua ili tupeane habari za heri. Nikatuma sauti: lile sanduku linakausha damu, linaua nguvu ya chakula, mama anayenyonyesha akilitumia maziwa yanakatika. Nilisikia hivyo kwa mwanakwaya mwenzangu, naye alitumiwa na mtu wa Mwanza. Mama Chrispin akajibu kwa ile sauti yake ya ofisini. Alikuwa karani miaka thelathini, kila kitu anakieleza kama anasoma barua. Akasema lile sanduku linatikisa maji yaliyo ndani ya chakula tu, yakatoa joto, na ukifungua mlango kazi imekwisha, hakuna kinachobaki ndani. Kisha akaongeza, "Mama Eliana, mbona moshi wa kuni unaokutoa machozi kila siku huusemi?"

Macho yangu ni mabovu kweli, na yeye alijua. Nikaona amenitukana mbele ya wakwe wote. Nikamfungia namba yake asinipigie, nikatoka kwenye kundi, na nikasema mbele ya Marko kwamba sitaikanyaga tena nyumba yenye lile sanduku. Marko akasema, "Haya." Marko akisema haya ujue hajakubali.

Miaka miwili ikapita hivyo. Eliana alikuwa anaishi kwa mama mkwe wake, maana Chrispin ni dereva wa malori, leo yuko Tunduma, kesho yuko Rusumo. Mimba mbili zilikuwa zimetoka. Ya tatu tuliibeba wote kwa maombi, kila mtu kwa mlango wake. Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, jua la Itigi linapasua midomo, simu ikaita: amejifungua mtoto wa kike, mzima, na mama mzima. Nikakaa chini kwenye vumbi nikalia.

Sasa, kwetu mzazi hupelekewa kuku na mama yake aliyemzaa. Na aliyepika ndiye anayeonja wa kwanza, mbele ya mzazi, ili aonekane mkono wake ni safi. Mama yangu alinifanyia hivyo, akatembea kutoka kijijini na chungu kichwani, akakaa, akala kipande, ndipo akanipa. Kwa hiyo nilipaswa kwenda. Marko akasema, "Nenda." Nikasema nitatuma. "Kuku wa mzazi hatumwi," akasema. Nikamwambia dunia imebadilika, sasa kuna mashine.

Mashine ilikuwa ya kikundi chetu cha akina mama wa asali, na ilikaa kwangu kwa kuwa mimi ndiye mwenyekiti. Ni ya kunyonya hewa. Unaweka kitu kwenye mfuko wa nailoni mgumu, unaingiza mdomo wa mfuko, inavuta hewa yote mpaka mfuko unashika kitu kama ngozi, kisha inaubana kwa moto. Tulifungia mlenda mkavu na uyoga mkavu, vikakaa miezi bila hata kubadilika rangi. Mwalimu aliyekuja kutufundisha alisema hii ni ya vitu vikavu, vyenye majimaji lazima vikae kwenye friji. Nikamwona kijana wa mjini asiyejua kitu. Asali si majimaji? Asali nimeizika mwenyewe kwenye kibuyu, nimeziba kwa nta, nimeila baada ya miaka minne. Kinachoharibu chakula ni hewa. Hilo watu wa asali tunalijua kabla mashine haijazaliwa.

Na kwenye simu nilikuwa nimeona video, mzungu anapika nyama ndani ya mfuko huo huo. Anautumbukiza kwenye maji ya moto yasiyochemka, anaacha saa nyingi, nyama inatoka laini kabisa. Nikasema hii ndiyo dawa ya Mama Chrispin. Kuku ataiva Itigi ndani ya mfuko, atafika Dodoma ndani ya mfuko, na hatakuwa na haja ya kuingia kwenye sanduku la mtu.

Jumatatu nikachinja kuku wawili. Nikawakata, nikatia chumvi, tangawizi na kitunguu swaumu, nikafunga mifuko sita. Sufuria kubwa juu ya mkaa, maji ya moto lakini yasichemke, napima kwa kidole, mkaa ukizidi nauvuta pembeni. Toka asubuhi mpaka saa kumi sikuondoka pale. Mifuko minne nikaiweka kwenye kikapu cha Peniel, jirani yangu, aliyekuwa anakwenda Dodoma kupimwa macho. Miwili nikaiweka stoo pamoja na ndoo za asali, ya kwetu.

Kisha nikamtumia Eliana sauti, na sauti hiyo naikumbuka neno kwa neno. Nilisema: "Mwanangu, mtu asimguse kuku huyu na lile sanduku. Mfuko utumbukizwe kwenye maji ya uvuguvugu tu, kuku ameshaiva. Friji hapana, hewa imetolewa, hawezi kuharibika. Na usile kabla hajaonja Peniel, yeye ndiye mkono wangu."

Peniel alishuka Manyoni. Dada yake alikuwa amefiwa na mkwewe, na msiba hauachwi njiani. Akakaa huko Jumanne na Jumatano, kikapu chini ya kitanda. Alinipigia kuniambia. Nikamwambia usiwe na wasiwasi, hao kuku hata wiki watakaa.

Ijumaa, saa nne asubuhi, niliingia stoo kuchukua asali ya mteja. Nikaona mto mdogo juu ya ndoo. Nikajiuliza nani ameweka mto huku. Nikausogelea. Ulikuwa ni mfuko wangu wa kuku. Umevimba, umekaza, ule mfuko uliokuwa umeshika nyama kama ngozi sasa umejaa pumzi ambayo sijui imetoka wapi. Wa pili nao hivyo hivyo. Nikachukua kisu nikautoboa mmoja. Harufu iliyotoka pale sitaieleza.

Asali haivimbi. Mlenda hauvimbi. Kuku wangu kavimba, na wenzake wanne wako Dodoma kwa mzazi wa siku sita.

Nikampigia Eliana. Haipatikani. Nikarudia, haipatikani. Mtu mwenye kichanga hakumbuki kuchaji simu, nilijua, lakini nilirudia mara kumi kama mwendawazimu. Nikampigia Chrispin, ikaita mpaka ikakata, naye yuko barabarani. Nikampigia Peniel, akapokea, nyuma yake kelele za stendi.

"Shoga, kikapu umekifikisha?"

"Jana jioni. Nimemkabidhi Mama Chrispin mkononi. Amefurahi huyo mama, we acha tu."

"Ulionja?"

"Walikuwa wameshakula, na mimi nilikuwa nawahi kulala kwa shangazi, leo nilikuwa na zamu ya macho alfajiri. Mama Chrispin akasema nisihangaike, leo mchana ataonja yeye, ndipo ampe mzazi."

Hapo ikanijia fikra ambayo naona aibu kuisema, lakini nimeapa kuieleza habari hii yote. Nilifikiri: afadhali aonje yeye. Ilipita tu, kama nzi anavyopita mbele ya uso, lakini ilipita, na ilikuwa yangu.

"Rudi pale nyumbani," nikamwambia Peniel. "Waambie wasile. Kuku wameharibika."

"Nishapanda gari la Itigi, linaondoka. Si umpigie mwenyewe Mama Chrispin?"

"Namba yake sina."

Uongo. Namba ilikuwepo, nimeifungia tu. Nikatoka nje, nikaingia ndani, nikatoka tena. Nikawa nazunguka uani na simu mkononi, nimekuwa kama niliyekalia kaa la moto. Nilimpigia mwanakwaya mwenye dada yake Dodoma, dada akasema anakaa upande mwingine kabisa wa mji. Nikampigia katekista. Nikampigia mtu anayeuza vocha stendi ya Manyoni, sijui hata nilitaka anisaidie nini. Nikampigia Eliana tena. Kila mtu niliyempigia nilijua hawezi. Ningempigia mmoja tu mambo yakaisha, na huyo nilikuwa namzunguka kama mbuzi anavyouzunguka mti aliofungwa.

Maana ningesema nini? Mkwe, yule kuku niliyekukataza kumweka kwenye friji, niliyekukataza kumpasha moto kwenye sanduku lako, ameoza. Ningeanza wapi? Niliyapanga maneno, nikayapangua. Jua likapanda mpaka utosini.

Marko akarudi kutoka mizingani, baiskeli inarukaruka kwenye mawe. Aliiona ile nyama nimeitupa uani na kuku hai wanaikimbia. Akaingia stoo, akatoka na mfuko wa pili uliovimba.

"Umempigia?"

"Nimewapigia wote."

"Nimeuliza, umempigia?"

Nikaiangalia simu yangu. Akatoa simu yake, ile ya tochi, akabonyeza taratibu, akaniwekea sikioni kwa mkono wake mwenyewe. Ikaita mara mbili. Ilikuwa saa saba kasoro robo.

"Baba Eliana, mbukwa," akasema Mama Chrispin. Kigogo amejifunza kwa ajili ya Marko. Sauti ilikuwa ya furaha.

"Ni mimi," nikasema.

Kisha akasema, "Mama Eliana. Shukuru Mungu, mjukuu wako ana masikio yako."

"Eliana amekula kuku?"

"Ndiyo namuwekea sasa hivi. Sahani hii hapa mkononi."

"Mwaga."

"Nini?"

"Mwaga, mkwe, nakuomba. Asile. Kuku wameharibika, mifuko ya hapa imevimba. Mwaga wote."

Nikasikia sahani inawekwa juu ya kitu. Nikasikia anaita, "Eliana, weka kijiko chini." Nikasikia mwanangu akiuliza kuna nini, sauti yake nzima, na kitoto kinalalamika pembeni. Nikashusha pumzi niliyokuwa nimeibeba tangu saa nne. Mungu wangu, nikasema moyoni, umeniokoa.

Kisha Mama Chrispin akarudi kwenye simu. "Mimi nimeshaonja," akasema.

"Umeonja kiasi gani?"

"Nilikula paja. Saa sita. Nilisema nisionje kwa kudonoa, mama mzazi asije akaambiwa nimemdonolea."

Nikapanda basi la saa nane. Sikubadilisha hata kitenge. Njia nzima kutoka Itigi mpaka Manyoni, na kutoka Manyoni mpaka Dodoma, nilikuwa naangalia saa na kuhesabu: kama alikula saa sita, na mimi nimeuona mfuko saa nne, basi saa mbili zile zilikuwa zangu. Hakuna mtu mwingine wa kumpa. Kama ningepiga saa nne, angekuwa bado hata hajafungua mfuko. Mama aliyekaa kando yangu akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia ninakwenda kwa mkwe wangu. Akasema, "Pole," akacheka kidogo, akidhani ni utani wa wakwe.

Kila baada ya nusu saa nilipiga. Namba yake nilikuwa nimeshaifungua. Saa tisa akasema yuko salama. Saa kumi akasema tumbo linaunguruma lakini huenda ni wasiwasi nimempa mimi. Saa kumi na moja alipokea Eliana, simu ya mama mkwe wake mkononi, analia, akasema, "Mama, anatapika na hasimami."

Nilifika hospitali nikaonyeshwa wodi. Mama Chrispin ana sukari, kumbe. Hilo pia sikulijua, miaka miwili nabishana na mtu nisiyejua hata anaumwa nini. Daktari, msichana mdogo, aliniuliza chakula kilikaa wapi na kwa muda gani. Nikamweleza. Akaniuliza mara mbili, "Siku nne? Bila friji?" Akanifafanulia bila kunigombeza, na hilo ndilo lililonimaliza: kwamba kuna vijidudu visivyotaka hewa kabisa, ukivifungia pasipo hewa ndani ya nyama yenye maji na joto la kwetu umevipa nyumba. Asali ni tamu mno na haina maji ya kutosha, ndiyo maana vinashindwa kuzaliana humo. Mlenda umekauka. Kuku ni kuku. Akasema na maji yangu yale ya kupima kwa kidole hakuna ajuaye kama yaliua chochote.

Nilikaa kwenye benchi siku mbili, usiku na mchana. Dripu ikiisha nilimfuata muuguzi kabla hajaitwa. Siku ya pili, asubuhi, Mama Chrispin akafungua macho vizuri, akaniona. Midomo imemkauka, yule mama wa sauti ya ofisini hakuwa na sauti.

"Umekuja," akasema. "Si ulisema hukanyagi?"

"Hapa ni hospitali," nikasema. "Nyumba yako bado sijaikanyaga."

Akataka kucheka akashindwa. Nikamlowesha midomo kwa kitambaa. Nikamuuliza swali lililokuwa linanitafuna tangu kwenye basi. "Mkwe, mfuko ulipoufungua ulikuwaje?"

"Umevimba."

"Uliuona?"

"Niliuona. Nikaunusa, nikaona harufu siielewi, nikafikiri ni kitunguu swaumu." Akapumzika kidogo. "Nilitaka kuuliza. Nikasema nikiuliza, Mama Eliana atasema nimedharau chakula chake tena. Nikataka hata kumchemsha upya, au nimuingize kwenye maikrowevu mpaka aungue. Nikasema hapana, amekataza. Nikapasha kwa maji ya uvuguvugu, kama ulivyoagiza. Hata friji sikuweka."

Huyu mwanamke nilimtangaza kwa watu kuwa hana heshima, na alikuwa amenitii mpaka akalazwa. Nililia pale pale mbele ya wagonjwa wa watu, akanishika mkono wenye kitambaa.

"Eliana hajala," akasema. "Hilo ndilo kubwa."

Siku ya tatu wakamruhusu. Nikamshika mkono kutoka kwenye bajaji mpaka mlangoni, nikaikanyaga nyumba yake. Nikambeba mjukuu wangu kwa mara ya kwanza, na masikio kweli ni yangu, maskini. Eliana akalala na mwanawe. Mama Chrispin nikamlaza kwenye kochi, miguu juu ya mto. Daktari alikuwa amesema ale kidogo kidogo, na kila kitu kiwe cha moto kabisa. Nilikuwa nimepika uji wa ulezi mara tulipofika. Wakati naukumbuka, ulikuwa umepoa na utando juu.

Jiko la gesi lilikuwepo pale. Kiberiti kilikuwepo. Nikasimama katikati ya jikoni na bakuli mkononi, nikaliangalia lile sanduku, jeupe, limefutwa safi, na sahani yake ya kioo ndani. Nikafungua mlango. Nikaweka bakuli.

"Nabonyeza wapi?" nikauliza kwa sauti.

Mama Chrispin akainua kichwa kwenye kochi. "Cha kulia, chini," akasema. "Mara mbili. Halafu katikati koroga, urudishe tena, pembeni hutangulia kupata moto kuliko katikati."

"Nataka uchemke."

"Basi bonyeza mara tatu."

Nikabonyeza. Likanguruma. Sitasema niliacha kuliogopa, nilifunika tumbo kwa mkono, mwanamke wa miaka hamsini na sita. Lakini sikurudi nyuma. Nikatoa, nikakoroga, nikarudisha, mpaka uji ukatoa mapovu katikati.

Nikaupeleka sebuleni nikakaa kwenye ukingo wa kochi. Mama Chrispin akanyoosha mkono kupokea kijiko. Sikumpa. Nilichota kijiko kimoja kilichojaa, nikakipeleka mdomoni mwangu mbele yake. Uliniunguza ulimi. Nikameza, kisha nikachota cha pili nikakipuliza, nikampa.